Saratani ya matiti: Kinyama kutoka Uluguru kinavyoamua tiba

KATIKA lugha ya Kiluguru, neno matombo maana yake ni matiti. Ndilo jina la eneo lililo upande wa mashariki wa Milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, na hulihusishwa na vilele viwili vya mlima vilivyosimama jirani. Ni nchi ya migomba, minanasi na viungo, katika jamii ambayo ukoo hufuata upande wa mama.

Chukulia mama mmoja wa huko, mwenye umri wa miaka 45, anayegundua uvimbe mgumu katika titi la kushoto wakati wa kuoga. Hauumi. Kwa kuwa hauumi, anauacha. Msimu wa mavuno unapita, na mwingine unafuata. Siku ngozi ya titi inapoanza kuvutwa ndani ndipo anapoteremka hadi mjini Morogoro kwa barabara itokayo Kisaki kwenda Bigwa, akiwa na swali moja tu moyoni: je, hii ni saratani?

Mama huyo ni wa mfano, lakini kuchelewa kwake si jambo la kubuni. Tathmini ya huduma za afya ya matiti nchini Tanzania iliyotolewa mwaka 2017 ilieleza kwamba takriban asilimia 80 ya wanawake wanaobainika kuwa na saratani ya matiti hugunduliwa wakiwa wamefikia hatua ya tatu au ya nne, wakati ugonjwa umekwisha kuenea na tiba imekuwa ngumu. Kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC) kwa mwaka 2020, Tanzania ilikuwa na wagonjwa wapya wa saratani zaidi ya 40,000. Saratani ya shingo ya kizazi iliongoza, na wagonjwa wapya wa saratani ya matiti walikaribia 4,000.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba swali la mama huyo ni maswali mawili. La kwanza ni kama uvimbe ni saratani. La pili ni saratani ya aina gani. Swali la kwanza linaweza kujibiwa kwa sindano nyembamba na hadubini katika muda usiozidi siku moja. La pili huhitaji kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe, pamoja na vipimo vya alama zilizomo ndani ya tishu. Jibu hilo la pili ndilo linaloamua dawa, na ndilo linaloharibika kwa urahisi zaidi njiani.

Sindano nyembamba inavyofanya kazi

Kipimo cha sindano nyembamba ni sehemu ya saitolojia, taaluma ya kuchunguza seli moja moja. Madaktari wa New York walikieleza katika majarida ya tiba mwaka 1930, kisha wataalamu wa Sweden wakakikuza na kukieneza katika miongo iliyofuata Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Mtaalamu huusafisha mwili kwa dawa, akaushika uvimbe kwa vidole viwili ili usihame, kisha akaingiza sindano ambayo kwa kawaida ni nyembamba sawa na ile ya kutolea damu au kuliko hiyo. Huvuta bomba ili kuwe na mvutano, akaichezesha sindano mbele na nyuma mara kadhaa ndani ya uvimbe huku akibadili mwelekeo, kisha huachia mvutano kabla ya kuitoa. Kazi yote huchukua chini ya dakika moja, na mara nyingi haihitaji ganzi.

Tone linalopatikana hudondoshwa juu ya kioo cha maabara na kutandazwa liwe utando mwembamba. Baadhi ya vioo huachwa vikauke kwa hewa na vingine hutumbukizwa mara moja katika spiriti. Hufuata rangi. Zipo rangi zinazokamilika kwa dakika chache, kiasi kwamba mtaalamu anaweza kujua papo hapo kama amepata seli za kutosha au kama inampasa kurudia kabla mgonjwa hajaondoka. Kwa mtu aliyetoka Kinole au Mgeta, kuambiwa arudi wiki ijayo ni nauli nyingine na siku nyingine ya shamba iliyopotea. Wapo wasiorudi kabisa.

Chini ya hadubini, seli njema za titi hukaa pamoja kwa mpangilio, kama vigae vilivyopangwa sakafuni. Katika uvimbe uitwao fibroadenoma, ambao huwapata zaidi wasichana na wanawake vijana na si saratani, seli huonekana zikiwa mafungu makubwa yenye matawi mfano wa pembe za kulungu. Seli za saratani huwa na sura tofauti. Viini vyake huwa vikubwa na visivyolingana, na seli zenyewe hupoteza mshikamano zikatawanyika moja moja. Wakati mwingine sindano hutoa usaha, au dalili za kifua kikuu, ambacho pia huweza kulivamia titi. Mgonjwa wa namna hiyo huokolewa na kisu ambacho hakukihitaji.

Ili majibu yasitegemee maneno ya kila daktari, Chuo cha Kimataifa cha Saitolojia kiliandaa utaratibu ujulikanao kwa jina la mji wa Yokohama, Japani, ulikofanyika mkutano wa mwaka 2016. Utaratibu huo hugawa majibu ya sindano ya titi katika makundi matano: sampuli isiyotosha, uvimbe usio wa saratani, seli zisizo za kawaida, seli zinazotiliwa shaka, na saratani. Kila kundi lina hatua yake inayofuata. Jibu la kwamba sampuli haitoshi halina maana ya kwamba mgonjwa ni mzima. Maana yake ni kwamba kipimo kirudiwe.

Kisichoonekana kwa sindano

Pamoja na wepesi wake, sindano nyembamba ina mipaka. Seli zinazotolewa kwa njia hiyo zimeng'olewa katika makazi yake. Ni sawa na kukutana na watu njiani bila kuiona nyumba waliyotoka. Mtaalamu anaweza kusema kwamba hawa ni wahalifu, lakini hawezi kusema kama wamekwisha kuuvunja ukuta na kuingia kwa majirani.

Katika titi, ukuta huo ni ule wa mirija ya maziwa. Zipo saratani ambazo bado zimefungiwa ndani ya mrija, na zipo zilizokwisha kupenya kwenye nyama iliyo jirani. Tofauti hiyo huonekana tu pale tishu inapochunguzwa ikiwa na mpangilio wake. Kwa sababu hiyo hutumika sindano nene, inayokata uzi mwembamba wa nyama baada ya mgonjwa kuchomwa ganzi, au upasuaji mdogo wa kuondoa kipande. Hicho ndicho ambacho wagonjwa na wauguzi katika hospitali za Tanzania hukiita kinyama.

Kinyama hutumbukizwa katika formalini, kisha huondolewa maji, hujazwa nta na kuwa kipande kidogo kigumu kinachoweza kuhifadhiwa kwa miaka mingi. Mashine maalumu hukichana katika tabaka zenye unene wa sehemu tatu au nne za elfu ya milimita moja. Tabaka hizo hulazwa juu ya vioo, hutiwa rangi, na ndipo mtaalamu wa patholojia anapousoma ugonjwa pamoja na nyumba yake.

Kahawia na bluu

Hapo ndipo linapoingia swali la pili. Saratani mbili za titi zinaweza kufanana kwa umbo chini ya hadubini, zikatofautiana kabisa kwa tabia. Kinachozitofautisha ni protini zilizomo ndani yake au juu yake, ambazo wataalamu huzitumia kama alama za utambulisho.

Alama tatu ndizo zenye uzito mkubwa zaidi katika titi. Mbili ni vipokezi vya homoni za kike, yaani estrojeni na projesteroni. Seli yenye vipokezi hivyo hulishwa na homoni za mwili wa mgonjwa mwenyewe, hivyo huweza kudhoofishwa kwa kuzuiwa isizipokee. Ya tatu ni protini iitwayo HER2, ambayo inapozidi juu ya ngozi ya seli huisukuma seli hiyo kugawanyika kwa kasi.

Fikra ya kwamba homoni huchochea saratani ya titi ni ya zamani. Mwaka 1896, daktari wa Uskoti, George Beatson, alieleza jinsi uvimbe wa wagonjwa wake ulivyopungua baada ya kuondolewa ovari. Sababu yake ilianza kueleweka zaidi ya nusu karne baadaye, pale Elwood Jensen wa Chicago alipobaini kipokezi cha estrojeni. Tamoksifeni, kidonge kinachokiziba kipokezi hicho, ilitengenezwa nchini Uingereza mwaka 1962 na kuanza kutumika huko kwa tiba ya saratani ya matiti mwaka 1973. Dawa ya trastuzumab, inayoilenga HER2, iliidhinishwa Marekani mwaka 1998, na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani (WHO) likaiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu.

Ili kuziona alama hizo, maabara hutumia kingamwili, protini zenye sifa ya kushikamana na kitu kimoja tu, kama ufunguo na kufuli yake. Mbinu ya kutengeneza kingamwili za aina moja kwa wingi ilibuniwa na Georges Köhler na César Milstein mwaka 1975, na wawili hao walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1984. Tabaka la kinyama huchemshwa kwanza katika maji maalumu ili kufungua protini zilizofungwa na formalini. Kisha hunyunyiziwa kingamwili na kemikali zinazotoa rangi ya kahawia pale tu ambapo kingamwili imeshika. Viini vingine vyote hupakwa bluu.

Usomaji wake ni kazi ya kuhesabu. Kwa mwongozo wa kimataifa unaotumika tangu mwaka 2010, saratani huhesabiwa kuwa na kipokezi cha estrojeni ikiwa viini vya seli zake vilivyogeuka kahawia vinafikia angalau asilimia 1. HER2 hupewa alama kuanzia 0 hadi 3 kwa kutazama jinsi rangi inavyouzunguka ukuta wa seli. Alama ya 2 haitoi uamuzi, bali hudai kipimo kingine cha vinasaba. Saratani isiyo na alama yoyote kati ya hizo tatu huitwa hasi tatu. Hiyo haisikii vidonge vya homoni wala trastuzumab, na hutegemea zaidi tiba ya kemikali, upasuaji na mionzi.

Tofauti hiyo hupimwa kwa uhai. Uchambuzi mkubwa wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2011, uliojumlisha majaribio mengi ya tiba, ulionyesha kwamba wanawake wenye saratani yenye kipokezi cha estrojeni waliotumia tamoksifeni kwa miaka mitano walipunguziwa hatari ya kufa kwa ugonjwa huo kwa takriban theluthi moja. Tamoksifeni ni kidonge kinachomezwa nyumbani, nayo ni miongoni mwa dawa za saratani za bei nafuu. Inaweza kufika Matombo ndani ya mkoba. Lakini kwa mwanamke ambaye saratani yake haina kipokezi, kidonge hicho hakina kazi, na miezi anayokitumia ni miezi anayoupa ugonjwa nafasi.

Saa ya kwanza ya kinyama

Kipimo chote hicho husimama juu ya jambo ambalo halihitaji mashine ya gharama, nalo ni jinsi kinyama kilivyotunzwa tangu kilipotoka mwilini.

Tishu iliyokatwa haifi papo hapo. Huanza kujila yenyewe, na joto huharakisha uharibifu huo. Mwongozo wa kimataifa unataka kinyama cha titi kiingie katika formalini ndani ya saa moja, na kikae humo kwa muda usiopungua saa 6 wala kuzidi saa 72. Formalini yenyewe iwe ya asilimia 10 na iliyosawazishwa kwa chumvi ili isigeuke tindikali. Ujazo wake uwe angalau mara kumi ya ule wa kinyama.

Kila sharti lina sababu yake. Formalini hupenya nyama polepole, takriban milimita moja kwa saa. Titi zima likitumbukizwa katika ndoo bila kuchanjwa, ngozi ya nje huhifadhika huku katikati, penye uvimbe, pakiendelea kuoza hadi kesho yake. Kinyama kilichowekwa katika maji ya chumvi, au kilichofungwa kwa shashi kavu kisafirishwe hivyo, hupoteza protini zake. Kikikaa katika formalini kwa wiki mbili kikisubiri gari la kukipeleka maabara, protini hufungwa kupita kiasi hata kingamwili isizifikie.

Matokeo yake ni ya hatari kwa sababu hayaonekani kuwa makosa. Kioo hutoka cha bluu tupu, na jibu huandikwa kwamba kipokezi hakipo. Kumbe kilikuwepo, kikaharibika njiani. Mwanamke ambaye angefaa kwa kidonge cha kila siku huandikiwa tiba kali zaidi, au hunyimwa dawa ambayo ingemfaa.

Maabara makini zina njia ya kujilinda. Katika kila awamu ya kipimo huwekwa kipande cha tishu ambacho kinajulikana kuwa na alama inayotafutwa. Pia hutazamwa mirija ya kawaida ya titi iliyomo ndani ya kinyama cha mgonjwa mwenyewe, kwa kuwa baadhi ya seli zake kwa asili huwa na vipokezi. Seli hizo njema zisipopata rangi ya kahawia, hapo kipimo ndicho kilichoshindwa, na jibu la hasi halipaswi kuaminiwa.

Tafiti za Muhimbili na Bugando

Suala hili limegusa hata mjadala wa kisayansi kuhusu wanawake wa Afrika. Mwaka 2000, jopo la watafiti wakiwemo M. P. Mbonde na J. N. Kitinya wa Muhimbili, Dar es Salaam, lilichapisha katika jarida la Oncology Reports matokeo ya kupima vipokezi vya estrojeni na projesteroni katika saratani za matiti za wanawake wa Tanzania. Saratani zilizokuwa na vipokezi hivyo zilikuwa chini ya nusu, kiwango kilicho chini ya kile kilichozoeleka Ulaya na Marekani.

Mwaka 2014, watafiti wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, wakiongozwa na Peter Rambau kwa kushirikiana na wenzao wa Italia, walichapisha utafiti kuhusu saratani za hasi tatu Kaskazini Magharibi mwa Tanzania. Walipima wagonjwa 52, na wao wenyewe wakauita utafiti wa awali.

Tafiti za namna hiyo kutoka nchi mbalimbali zilijenga dhana kwamba saratani ya titi ya mwanamke wa Kiafrika kwa kawaida haina vipokezi, na kwa hiyo vidonge vya homoni si vyake. Mwaka huohuo wa 2014, wataalamu wakiwemo Amanda Eng na Valerie McCormack wa IARC walichapisha katika jarida la PLoS Medicine uchambuzi wa tafiti nyingi za Afrika, wakazitenganisha kwa swali ambalo halikuwa likipewa uzito: je, vinyama vilivyopimwa vilikuwa vipya vilivyokusanywa kwa ajili ya utafiti, au vilitolewa katika makabati ya zamani?

Jibu lilibadili picha. Tafiti zilizotumia vinyama vya zamani zilikuwa na kiwango cha vipokezi kilicho chini kwa takriban asilimia 10 ya wagonjwa. Katika tafiti zilizokusanya vinyama kwa mpango tangu mwanzo, asilimia 59 ya saratani zilikuwa na kipokezi cha estrojeni, na za hasi tatu zilikuwa takriban asilimia 21. Kwa maneno mengine, zaidi ya nusu ya wanawake hao walikuwa na saratani inayoweza kusikia homoni.

Uchambuzi huo haukufuta tofauti zote. Saratani za hasi tatu zimeendelea kuripotiwa kwa wingi zaidi katika baadhi ya maeneo, hasa Afrika Magharibi, na wanawake wa Afrika huugua wakiwa na umri mdogo kwa wastani, jambo linalotokana kwa sehemu na ukweli kwamba idadi kubwa ya watu wao ni vijana. Lakini ulionya kwamba sehemu ya kile kilichodhaniwa kuwa maumbile ya mgonjwa huenda ilitokana na chupa iliyobeba kinyama chake.

Tezi za shingo na taya za watoto

Titi si mahali pekee ambapo sindano na alama hutegemeana. Tezi iliyovimba shingoni ni jambo la kila siku katika zahanati, na mara nyingi chanzo chake ni maambukizi ya kawaida au kifua kikuu. Lakini inaweza pia kuwa limfoma, saratani ya chembe nyeupe za damu. Sindano hutenganisha vizuri kifua kikuu na vitu vingine. Kuzitambua aina za limfoma ni kazi ya alama.

Afrika Mashariki ina historia yake hapo. Mwaka 1958, daktari wa upasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, Denis Burkitt, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya kwa watoto. Mwaka 1961, yeye na madaktari wenzake wawili walisafiri kwa gari kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika wakiuliza hospitali moja hadi nyingine. Waligundua kwamba ugonjwa ulikuwa mwingi kwenye maeneo ya joto na mvua, na ukawa adimu katika nchi za juu. Karibu na ikweta, mpaka wake ulikuwa takriban mita 1,500. Kwa kigezo hicho, wakazi wa nyanda zilizo chini ya Uluguru na wale wa sehemu zake za juu, ambako kilele cha Kimhandu hupita mita 2,600, wangekuwa pande mbili za mstari uleule. Mwaka 1964, watafiti wa London waligundua ndani ya seli za uvimbe huo kirusi kilichokuja kuitwa Epstein-Barr. Malaria nayo ilihusishwa na ugonjwa huo.

Limfoma ya Burkitt ni miongoni mwa saratani zinazokua kwa kasi kubwa kabisa, na mtoto hawezi kusubiri majibu kwa miezi. Kwa sababu hiyo Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS) kimeshirikiana na Chuo Kikuu cha Oxford na wataalamu wa Uganda katika utafiti uitwao AI-REAL, wenye lengo la kutafuta katika damu ya mgonjwa vipande vya vinasaba vya uvimbe na vya kirusi hicho, ili jibu lipatikane mapema pale ambapo kinyama kinachelewa. Miongoni mwa wanaouongoza ni Dk Clara Chamba wa MUHAS.

Siku 60

Mwaka 2021, WHO ilizindua mpango wa dunia wa kupambana na saratani ya matiti wenye malengo matatu. Angalau asilimia 60 ya wagonjwa wagunduliwe wakiwa hatua ya kwanza au ya pili. Uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni mara ya kwanza. Na angalau asilimia 80 ya wagonjwa wamalize tiba waliyoandikiwa.

Siku hizo 60 zikihesabiwa kwa mama wa Matombo, huanza siku anapoonyesha uvimbe katika zahanati ya kijijini. Ndani yake zimo barua ya rufaa, safari ya hospitali ya mkoa, picha ya titi, sindano au kinyama, kusafirishwa kwa sampuli, nta, vioo, alama, na majibu kurudi hadi kwa daktari na kwa mgonjwa. Vipimo vya alama hufanyika zaidi katika maabara za hospitali kubwa, na wataalamu wa patholojia ni wachache mno. Katika nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara, mmoja wao huhudumia zaidi ya watu nusu milioni.

Umbali wenyewe umepungua. Tangu Juni 2024, treni ya umeme ya reli ya kisasa huunganisha Morogoro na Dar es Salaam, iliko Muhimbili na Taasisi ya Saratani Ocean Road, kwa muda wa takriban saa mbili. Kinyama kilichohifadhiwa vizuri kinaweza kukatwa asubuhi Morogoro na kufika Dar es Salaam kabla ya jua kutua. Kinachobaki ni mpangilio: nani anajaza fomu, nani analipia kipimo, nani anabeba chupa, na nani anampigia simu mgonjwa majibu yanapotoka.

Zipo pia njia mpya zinazojaribiwa. Nchini Rwanda, watafiti wamepima uwezo wa mashine ya GeneXpert, ambayo Tanzania na nchi nyingine nyingi huitumia kwa kifua kikuu, kutambua alama za saratani ya titi kwa kusoma ujumbe wa vinasaba badala ya rangi. Mashine hiyo haimhitaji mtaalamu wa kuhesabu viini. Hata hivyo, bado huhitaji kinyama kilichotunzwa vizuri, na bado huhitaji mtu wa kuthibitisha kwanza kwamba kilichowekwa ndani yake ni saratani kweli.

Kwa mgonjwa na jamaa zake, yapo mambo manne ya kuuliza pasipo kuona haya. Je, sindano ilipata seli za kutosha? Je, kinyama kimewekwa katika formalini, na saa ngapi? Je, vipokezi vya estrojeni na projesteroni pamoja na HER2 vitapimwa, na wapi? Na je, majibu yatatolewa kwa maandishi ili yahifadhiwe pamoja na kadi? Daktari atakayemwona mgonjwa huyo miaka mitatu baadaye, katika hospitali nyingine, ataihitaji karatasi hiyo kabla ya kuandika dawa.

Liko pia jambo moja la kutia moyo. Kipande cha nta hakitupwi. Hubaki katika kabati la maabara kikiwa na namba yake, na kinaweza kuchanwa upya na kupimwa tena iwapo jibu la kwanza linatiliwa shaka au dawa mpya imepatikana. Lakini kile ambacho hakikutunzwa katika saa ya kwanza hakirudishwi na mashine yoyote. Kwa mama wa Matombo, pengine tofauti kati ya kidonge kitakachomfaa na kile kisichomfaa iko katika chupa ndogo ya plastiki, yenye formalini ya kutosha na saa iliyoandikwa juu yake kwa kalamu.